Noeli Waliyonililia Nikiwa Hai

Ndugu zangu, nitasimama. Mambo haya nikiyasema nimekaa, mtafikiri naona haya.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyerudi kutoka Kampala na diploma ya biashara, nikafungua duka la mabati pale Mususa bila baba wala mjomba kunisaidia. Neno hilo nalisema kila mahali na leo nalisema tena, kwa kuwa ni kweli. Kila Noeli nilichinja mbuzi wawili, na majirani wote walipelekewa sahani.

Kisha lori lililobeba mali yangu yote likachomwa na watu wenye silaha kwenye barabara ya Beni. Dereva alipona, tumshukuru Mungu. Aliponipigia simu nilijibu, "Sawa," nikaendelea kula. Sikulia wala sikukasirika. Nawaambia, mtu anaweza kufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa.

Duka likafungwa, miezi ikapita hivyo. Desemba ilipofika, nyumbani tulikuwa na maharagi, sombe ya majani ya muhogo na ndizi za kupika. Mke wangu akasema, "Hii inatosha. Tutakula, batoto bataimba." Mimi nikawaza majirani watasema nini wakikosa sahani zangu. Basi, siku moja kabla ya Noeli nikamwambia jirani yetu, mama mmoja mjane, kwamba alfajiri tutakwenda kula sikukuu kwa dada yangu, kule Beni.

"Beni? Na barabara ile, Papa?"

"Mama, mimi ni mutu ya kusafiri."

Mwenye akili angetaja mahali ambapo watu hawafii njiani. Lakini mimi nina diploma.

Asubuhi ya Noeli nikafunga mlango, nikateremsha mapazia, nikazima simu. Tulikula maharagi baridi, maana moshi ungetusaliti. Watoto niliwakataza kusema kwa sauti. Mke wangu hakunitazama.

Baada ya ibada, yule mama akampigia dada yangu ili atusalimu. Dada akashangaa: hakutuona, na hakujua hata kwamba tunakuja. Mchana nikasikia miguu uani, katika lupango letu, kisha mabenchi yakipangwa nje ya dirisha, kisha wimbo. Ni ule tunaouimba kwenye kilio, mtu akifa.

Nikalala kitandani, nikasikiliza kilio changu mwenyewe. Mmoja alisema, "Alikuwa na majivuno, lakini alikuwa mutu muzuri." Mwingine: "Na batoto bote! Bote!" Hata hapo sikusikia kitu moyoni. Nilitazama dari.

Mke wangu akasimama. "Banalilia batoto yangu, nabo bako hapa. Utatoka, ao mimi nitatoka nabo?"

Nikafungua mlango. Wimbo ukakatika. Yule mama mjane akanishika mashavu yote mawili, akayafinya.

"Papa, ulikuwa ndani siku yote?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Hatuna nyama, Mama."

Akanitazama sana. "Nyama! Kumbe machozi yangu yote hii ni juu ya nyama?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na wengine bado wanalia.

Walikuwa wameacha chakula chao cha Noeli ili waje kwetu. Wakakileta: wali, bugali, samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge. Mke wangu akatoa maharagi. Watoto walikula kwa kelele. Mimi sikusikia ladha yoyote, na sitawadanganya kwamba nilipona siku ile. Nilikaa tu kwenye benchi. Lakini nilikaa nje, mbele ya watu.

Ninyi mlioendelea kuja kila Jumamosi, mkaketi nami hata nisiposema neno, nawashukuru. Namshukuru mama aliyenifinya. Namshukuru mke wangu, aliyejua tangu mwanzo kwamba tulichokuwa nacho kinatosha. Duka limefunguliwa tena, dogo, na hilo sikulifanya peke yangu. Imenichukua muda kulisema neno hilo.

Fundisho langu ni fupi: usiwafungie watu mlango kwa sababu ya sufuria.

Mwaka huu pia hakuna mbuzi. Karibuni kwangu baada ya ibada. Mimi natoa maharagi. Mwenye samaki, alete.