Kabari Nne Katika Uwanja wa Pili

Wasikilizaji wapendwa, teksi ilikuwa imeshageuza. Sanduku lilikuwa ndani, na dereva alikuwa ameshauliza mara mbili, "Jamani, tunaondoka au tunaendelea kuagana?" Binti aliyekaa kiti cha nyuma alikuwa na miaka ishirini na miwili. Akashusha kioo. Kaka yake alikuwa amesimama kizingitini, nywele zimejaa vumbi la mbao, mikono ameikunja kifuani. Hakusogea.

"Kaka, nipe basi hata mkono."

"Mkono wa nini? Nenda. Na huko uendako, wakikuuliza nani alikufundisha kuanguka, usinitaje."

Kioo kikapanda. Teksi ikaondoka.

Narudia, ili anayefungua redio sasa hivi asipotee. Kaka mtu alisema usinitaje. Dada mtu akaondoka. Wakakaa miaka kumi na mmoja hawasemezani.

Leo tunamkumbuka huyo kaka. Alikuwa fundi seremala, mtengeneza milango na madirisha. Watu walimwita Kabari, na wengi hawakujua kama ana jina lingine. Amefariki akiwa na miaka hamsini na sita.

Jina hilo alilipata hivi. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na stoo ndefu ya mbao, na ndani ya stoo hiyo alikuwa akifundisha judo jioni. Mikeka ya judo, kwa asiyeijua, ni migumu, minene, inafanana na godoro lililokandamizwa. Yeye aliipata kwa kuokoteza, mmoja hapa, mmoja pale, na hakuna miwili iliyolingana. Ukiipanga, inaachana. Basi akachonga kabari, akazipigilia kati ya mikeka na ukuta mpaka ikashikana. Kisha anavua viatu, anafumba macho, anatembea juu ya kila kiungo.

"Jicho linaweza kukubembeleza," alikuwa akisema. "Unyayo haukubembelezi."

Dada yake alianzia hapo, ana miaka saba. Wazazi walikuwa wameshatangulia, wakabaki wawili tu, kaka amemzidi dada miaka kumi na minne. Wiki sita za kwanza alimfundisha kuanguka. Kuanguka tu. Ubavu, mgongo, ubavu mwingine.

"Kaka, nitaanguka mpaka lini?"

"Mpaka sakafu ikuzoee."

Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, king'ang'anizi. Wenzake walimwita Sisimizi. Alipofika miaka ishirini hakuna aliyemweza, si pale stooni wala mjini. Ndipo ikaja barua kutoka nchi nyingine: kuna chuo, kuna kocha, kuna timu, na baadaye kuna uraia. Kaka mtu alitaka abaki apiganie nyumbani. Dada mtu alitaka kwenda. Mengine mmeyasikia pale kwenye teksi.

Nilimuuliza mjane wake, ambaye ni mshonaji, kama mumewe alikuwa mtu wa hasira. Alicheka kidogo, sindano mdomoni.

"Mume wangu? Aliogopa, ndugu yangu. Alimlea yule kama mtoto. Ila hofu yake ilikuwa haitoki nje mpaka ivae nguo za hasira."

Akaniambia na hili. Mwaka wa nne, Sisimizi alishinda mashindano makubwa huko, redio ya kwetu ikamhoji kwa simu. Wakamuuliza nani alimfundisha. Akasema, "Nilianza nyumbani." Basi. Hakutaja mtu. Alikuwa amekatazwa, akatii.

"Alizima redio," mjane akasema. "Akaingia karakana, akachukua ubao, akaupiga randa. Nilipokwenda kumwita chakula, ubao umekwisha. Amebaki na maranda mpaka magotini."

Kisha, wasikilizaji wapendwa, mji wetu ukapewa uenyeji wa mashindano ya kimataifa ya michezo ya ndani na sanaa za mapigano. Siku tisa. Nchi thelathini na moja. Kumbi tatu. Judo, karate, taekwondo, mieleka, soka la ndani, na hata sataranji.

Kama ulikuwepo, unakumbuka. Rangi ilipakwa kila ukuta, mtu ukiegemea unaondoka na alama begani. Wafagizi walifundishwa kusalimia kwa lugha nne. Waliwaweka watu wa sataranji, wanaotaka kimya, ukuta mmoja na watu wa karate, ambao bila ukelele hawarushi ngumi. Siku ya pili mlinzi wa mlango wa sataranji alikwenda mbio upande wa pili kumwomba bingwa mmoja, kwa adabu zote, apige kelele polepole.

Kabari aliomba kazi ya kutandika mikeka. Mkewe akamshangaa. "Una milango ya watu sita hujaigusa." Akajibu, "Milango itangoja." Alikuwa ameshaona orodha ya timu. Sisimizi yumo. Miaka thelathini na mitatu, mashindano yake ya mwisho, anapigania nchi nyingine, katika ukumbi ulio mwendo wa dakika ishirini kutoka stooni.

Alichotaka kilikuwa kimoja. Alitaka kuyarudisha yale maneno ya kizingitini. Basi.

Lakini mlango wa wafanyakazi ulibandikwa karatasi: mfanyakazi wa ukumbi haongei na mchezaji. Na msimamizi wa ukumbi wa judo alikuwa mama mmoja asiyetania. Alimkuta Kabari siku ya kutandika ana mfuko wa kabari begani.

"Hizo nini, fundi?"

"Za kubana mikeka, mama."

"Hii mikeka mipya inajibana yenyewe. Unaona huu mkanda? Umezunguka pande zote, unavuta sawasawa. Kabari zako peleka nyumbani ukachochee jiko."

"Mama, kinachojibana chenyewe hujiachia chenyewe."

"Fundi!"

"Ndiyo, mama."

Mimi nilikuwa mezani, karibu na kipaza sauti, maana siku zile nilikuwa mtangazaji wa ukumbi ule. Nilicheka. Tukacheka sote. Ukumbi ulikuwa na viwanja vitatu vya mikeka, na Kabari akavipitia vyote kwa miguu mitupu, kiungo kwa kiungo, kama alivyozoea.

Jioni ya siku ya saba ikabandikwa ratiba ya judo. Sisimizi: uwanja wa pili. Asubuhi, watu hawajafika, Kabari akaingia na kabari nne akazipigilia kona nne za uwanja wa pili. Uwanja wa kwanza hakuugusa, wa tatu hakuugusa. Wa pili tu. Alitaka mdogo wake akanyage mahali palipobanwa na mkono wa kaka yake.

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Stooni, kabari ilisukuma mkeka, ukuta ukashikilia. Hapa hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mkanda. Ukisukuma kona, mkanda unalegea katikati. Na unyayo wa mtu mmoja anayetembea taratibu hauwezi kulijua hilo. Linajulikana watu wawili wakianguka.

Sisimizi alishinda la kwanza, akashinda la pili, akapoteza la nusu fainali. Likabaki pambano la medali ya shaba. Dakika ya tatu akamwangusha mwenzake, akambana chini, mgongo mkekani. Katika judo ukimbana mtu hivyo sekunde ishirini, umeshinda. Ukumbi mzima ulikuwa unahesabu. Walikuwa wamemchukua kuwa wao, japo vazi lake lilikuwa na bendera ya wengine. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na nne.

Kiungo kikafunguka. Kiwiko cha yule wa chini kikazama katikati ya mikeka miwili. Mwamuzi akaona mkono utavunjika, akasimamisha.

Hesabu ikakatikia hapo kumi na nne. Ilibidi niseme kwenye kipaza sauti, "Mchezo umesimama kwa matengenezo mafupi." Na aliyetoka mbio kwenda kutengeneza alikuwa nani? Ndiye.

Alipiga magoti. Alisukuma mkeka kwa bega, akausogeza, akaanza kubandika kiungo kwa utepe mpana, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini, roli ya utepe aliing'ata kwa meno. Sisimizi alikuwa amesimama hatua moja mbele yake, anafunga mkanda wake upya. Akainama kama anayerekebisha suruali.

"Umefurahi sasa, kaka?"

Miaka kumi na mmoja alingoja kusikia hiyo "kaka". Ikaja hivyo. Naye ana utepe mdomoni. Akatikisa kichwa, akatikisa tena, macho yamemtoka. Mwamuzi akamwashiria aondoke.

Sheria ilisema waanze upya wamesimama. Sisimizi hakuwa tena yule wa dakika ile. Aliangushwa ndani ya sekunde thelathini. Alianguka vizuri sana, ubavu, mkono umepiga mkeka, kama alivyofundishwa. Medali ikaenda kwa mwenzake.

Msimamizi akamwita Kabari chumba cha vifaa, ameshazitoa zile kabari na kuzipanga mezani. Nilikuwepo. Nilidhani atamla nyama. Lakini alikaa chini, akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, lazima iandikwe taarifa kwa timu zote. Andika mkanda ulikuwa mbovu. Walioutengeneza wako mbali, nani atakwenda kuwauliza?"

"Mkanda haukuwa na kosa, mama."

"Najua haukuwa na kosa! Nakusaidia!"

"Nisaidie kalamu."

Akaandika kwa lugha yetu, maana nyingine hakuwa nayo. Mistari mitatu. Nakala ninayo hapa, naisoma kama ilivyo: "Niliweka kabari nne katika uwanja wa pili. Nilikatazwa. Niliweka kwa sababu mdogo wangu anapigana hapo na nilitaka asiumie." Akatia saini. Msimamizi akamvua beji shingoni, akageukia ukutani.

Taarifa ikapelekwa kwa timu. Kocha wa Sisimizi hakujua lugha yetu. Kwenye timu nzima aliyeijua ni mmoja. Akampa karatasi mbele ya wenzake: tutafsirie. Daktari wa timu ile alinisimulia baadaye. Anasema alisoma mstari wa kwanza kwa sauti kavu. Akasoma wa pili. Wa tatu akaanza, akanyamaza. Kocha akamwambia endelea. Akasema, "Imekwisha." Kocha akanyoosha kidole: mbona kuna maneno bado? Akamjibu, "Hayo ni yangu."

Ilikuwa siku ya nane. Timu yao iliondoka kesho yake saa kumi alasiri. Asubuhi Kabari alitoka nyumbani bila kusema aendako. Hana beji, hawezi kuingia. Akakaa nje ya uzio wa ukumbi, lango la wachezaji, tangu saa tatu. Alimwambia mlinzi, "Mimi sisemi na mchezaji. Nitasimama tu. Akitaka kusema yeye, hilo halimo kwenye karatasi yenu."

Na Sisimizi je? Sisimizi alikuwa nyumbani kwa kaka yake. Alikwenda kwa miguu, dakika ishirini zile zile, kwa njia ya uchochoro aliyokuwa akipita utotoni. Kaka akapita barabara kubwa. Wakapishana.

Wifi yake alimfungulia. "Nilimwambia keti, atarudi sasa hivi. Akaketi. Akainuka, akaenda stooni, akarudi. Nikamwambia, wifi, umekonda. Akasema, wifi, wewe umenenepa. Tukacheka mpaka tukalia. Saa saba, saa nane. Simu ya mume wangu ilikuwa inalia chumbani, ameisahau kitandani."

Saa tisa akasimama. Alisema, "Wifi, mwambie sikumtaja kwa sababu alinikataza. Na mwambie lile la mkeka nimelielewa."

"Si umwandikie?"

"Nikiandika nitakosa basi."

Akaondoka. Kabari alirudi saa kumi na moja. Basi lilitoka lango la nyuma, kule uchochoro unakoishia.

Baada ya hapo walizungumza kwa simu kila Jumapili, miaka tisa. Mjane anasema walizungumza mvua, magoti, bei ya mbao, watoto wa majirani. Anasema mara nyingi walinyamaza tu, kila mmoja na simu sikioni, na hakuna aliyekata. Kabari alitengeneza pasipoti. Mwaka mmoja alikuwa na kazi nyingi. Mwaka mwingine dada alikuwa amevunjika mguu, akasema usije, sitaweza kukutembeza. Kisha moyo wa Kabari ukaanza kuchoka, daktari akamkataza ndege. "Mwakani," walikuwa wakiambiana. Mwakani, inshallah.

Kwako mama mshonaji, kwako dada mtu uliko, kwa mafundi wa karakana na wote walioanguka katika ile stoo wakainuka, pole nyingi kutoka kwetu sote hapa studio. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu ambaye mnaambiana mwakani, sina la kukufundisha. Nakuomba tu, redio ikinyamaza, umfikirie.

Ukumbi wa judo sasa ni ghala la vitabu. Mikeka mipya iligawiwa shule tatu. Msimamizi amestaafu, anafuga kuku. Yule aliyepata shaba aliacha judo mwaka uliofuata, ni muuguzi kwao. Kocha amefariki. Mjane anashona, mlango wake uko wazi kutwa. Sisimizi anafundisha watoto, ana wanafunzi arobaini. Kabari amezikwa Jumatano, saa tisa alasiri. Dada yake alifika Ijumaa.