Mzee Filimbi na Kisu Chenye Mstari wa Kijani

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni, Mlinzi Mkuu wa ghala letu la rangi anakabidhi funguo za geti baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Ukihesabu tangu aiache nchi yake na kuvuka mpaka, ni miaka thelathini kasoro mmoja. Alivuka na begi moja, dada yake, na mume wa dada yake. Begi lilichakaa mwaka wa kwanza. Hao wawili ndio wenye habari.

Jina lake la kwenye hati ya mshahara analijua mhasibu peke yake, naye hulikosea. Sisi tunamwita Mzee Filimbi, kwa sababu ya ile filimbi anayoivaa shingoni hata akienda msalani. Ni mtu mnene, mpole, asiye na haraka. Aliwahi kumzuia Bosi getini kwa kukosa kitambulisho. Bosi akafoka, “Hunijui mimi?” Mzee akamjibu, “Nakujua sana, mkuu. Ndiyo maana nakiomba.”

Kila Januari huchukua brashi na kopo la rangi ya kijani, akapiga mstari kwenye kila mali ya ghala inayoweza kutembea: ngazi, toroli, mafagio, hadi vijiko vya kantini. Alisema mwizi wa nje huruka ukuta ukamwona, ila wa ndani anavaa sare kama yako. Mwaka mmoja mpishi wetu alisinzia kwenye benchi, akaamka na mstari kwenye kiatu.

Shemeji yake Mzee, yule aliyevuka naye mpaka, naye alipata kazi getini. Alijiita Komando, ingawa kambi ya jeshi aliiona akiwa ndani ya basi. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, mtu aliruka ukuta wa nyuma akanyakua makopo mawili ya rangi ya dari. Komando alimwona, akapiga ukelele. Mwizi akayaachia makopo, akakimbilia ukutani, na alikuwa ameshapandisha mguu mmoja Komando alipomfikia na komeo la chuma la geti. Lilikuwa pigo moja la kisogoni. Mtu yule alianguka upande wetu, hakuamka tena.

Tulipiga makofi. Bosi akaagiza kreti za soda. Mzee Filimbi, aliyekuwa amewafuata wale wawili mbio na sasa anahema, alivua shati lake akamfunika marehemu, akabaki na singlendi. Soda hakunywa.

Polisi walipofika walikuta kisu kando ya maiti. Nani alikiweka? Watu wa kantini mpaka leo wanajitahidi kukumbuka. Basi ghala zima likakariri maneno kama shairi: mwizi alikuwa na kisu, Komando alijihami. Lakini kesi ilikuwa ya mauaji, na mwisho wa kesi ya namna hiyo ni kitanzi.

Asubuhi Mzee alipoitwa kutoa ushahidi, dada yake alimshika mkono kwenye ngazi za mahakama. “Kaka, sema hukuona. Hukuona tu, basi. Kutoona si uongo.” Mzee alipanda ngazi zilizobaki. Aliingia ndani na filimbi yake shingoni, karani akaamuru aivue.

Wakili wa utetezi alikinyanyua kile kisu na kuuliza kama silaha ya namna ile isingemtia hofu mlinzi yeyote. Mzee akaomba kigeuzwe. Mpini ukaonekana, na juu yake mstari wa kijani. “Mheshimiwa, hiki ni kisu cha kantini yetu. Mstari huo nimeuchora mimi. Na hakimtishi mtu, hata kitunguu hakikiogopi.” Mahakama ilicheka, wakili akakaa. Kisha Mzee akasema aliyoyaona: makopo chini, mgongo umegeuka, mguu ukutani, pigo moja la mtu aliyepandwa na hasira, asiyekuwa amepanga kitu.

Jaji alitueleza kwa lugha ambayo hata sisi wa rangi tuliielewa. Sheria inakuruhusu kupiga ili hatari ikome. Hatari ikishakukimbia nawe ukaifuata na chuma, hatari ni wewe. Kujihami kukakataliwa. Lakini kwa lile pigo moja la hasira, kosa la kuua kwa kukusudia nalo likaanguka, na Komando akafungwa miaka minane kwa kuua bila kukusudia. Ushahidi uliomnyima uhuru ndio uliomvua kitanzi. Dada mtu alisikia nusu ya kwanza tu, akahama nyumba waliyopanga pamoja. Na huko kwao ukoo ukatuma neno: aliyemfunga shemeji yake asikanyage kizingiti chetu.

Tangu hapo Mzee alibuni mbinu yake. Mwizi aliyefuata alipokamatwa, watu wa mtaani walijaa getini na mawe. Mzee alimlaza chini, akamkalia. “Mzee, ondoka tumfundishe adabu!” “Nitaondoka, wanangu. Acheni nipumzike kwanza.” Mwizi akalalamika kwamba hapumui. “Vumilia. Hawa wakianza, hutapumua kabisa.” Alikaa hapo mpaka polisi walipokuja, na akaomba asaidiwe kuinuka. Mbinu hiyo sasa tunawafundisha walinzi wapya, ingawa wengi wao ni wembamba mno.

Mwezi huu ukoo umetuma neno jingine. Nyumba iko tayari, shamba lipo, arudi apumzike. Sharti ni moja: aseme mbele ya wazee kwamba mstari ule aliufananisha, ili jina la shemeji lisafishwe. Komando mwenyewe, aliyemaliza kifungo na siku hizi ni fundi viatu ng'ambo ya geti letu, alivuka barabara na sindano mkononi. “Shemeji, usiende kunisafisha. Mimi nimeshaoga.” Dada yake Mzee bado hamsalimii kaka yake. Jana, hata hivyo, Komando alileta viatu vya Mzee vikiwa na soli mpya, akasema si yeye aliyelipia.

Mzee Filimbi, asante kwa geti, kwa mistari, na kwa wote waliofika mahakamani wakiwa hai kwa sababu uliwakalia. Tunakuombea siku nyingi na kiti kipana. Utatukuta hapa hapa, nawe tutakukuta chumbani kwako nyuma ya soko. Na ukoo huko kwao Mzee usiendelee kufagia ile nyumba. Ameshawajibu: mstari ulikuwa wa kijani, na hatarudi.