Masanduku ya Popo ya Mwalimu Eliwaza

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, Ndugu Mtendaji wa Kijiji, walimu, wazazi wenzangu wa Mhezi, nanyi wanafunzi mlioketi kwenye nyasi, nawasalimu nyote.

Mimi Zebedayo, fundi seremala na mwenyekiti wa kamati ya shule, nimepewa heshima ya kumuaga Mwalimu Eliwaza, anayestaafu leo. Nitaanza kwa kuungama.

Miaka minne iliyopita popo walijaa kwenye dari ya darasa la nne. Harufu iliwatoa watoto machozi, na kinyesi kilidondoka juu ya madaftari. Kamati ikataka tuwafukize moshi, tuzibe matundu, yaishe. Nani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono? Ni mimi.

Mwalimu akasimama. "Mwenyekiti, sasa hivi wananyonyesha. Ukiziba leo, watoto wao watafia humo ndani. Na hawa ndio wanaokula wadudu wa mahindi yako. Nitengenezee masanduku, tuwahamishe taratibu."

Tulicheka. Hata hivyo nilitengeneza sita, nikayapiga randa ndani na nje mpaka yakateleza, tukayatundika mtini, kwenye kivuli kizuri. Mwaka mzima hakuingia hata popo mmoja. Watu wakaanza kumwita Mama Popo, sokoni na hata nje ya kanisa. Je, alinuna? Alipanda ngazi mwenyewe, na miaka yake hamsini na saba, akatia mkono ndani, akashuka na kuniambia kwa upole, wanafunzi wakisikia, "Fundi, kazi yako nzuri mno. Hawana pa kushikilia kucha. Halafu hapa kuna baridi."

Niliona haya kidogo. Tukakwaruza mbao kwa msumeno, tukayahamishia kwenye ukuta unaopigwa na jua. Popo walipomaliza kulea, kila jioni walipotoka kwenda kuwinda tuliziba tundu moja la dari. Wiki ya tatu wanafunzi walikuja kuniita mbio. Popo walikuwa wakichomoka kwenye masanduku, nasi tukihesabu kwa sauti hadi mia moja na kumi na wawili. Mwalimu alilia. Nami pia, tusifichane.

Leo darasa la nne linasoma kwa raha. Mwalimu, ulinisahihisha mimi mtu mzima mbele ya watoto, na sikurudi nyumbani nimeaibika. Wakulima wa mpunga wa Kihurio, unakohamia, wameshaniagiza masanduku ishirini. Nimewaambia wakusubiri wewe, uwachagulie ukuta.

Nenda salama, Mwalimu wetu. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.