Mama Eufrasia na Kalenda ya Mbalamwezi

Wasikilizaji wapendwa, mwakeye. Leo asubuhi tunamkumbuka Mama Eufrasia Bonifasi, nesi, aliyetutoka Jumanne nyumbani kwake Gungu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Tumemzika jana.

Miaka mingi ya kazi yake aliifanya Kasingirima, kwenye zahanati ndogo karibu na wanakoanika dagaa. Wanawake wa pale wanakumbuka kwamba kabla ya kumgusa mgonjwa tumbo, alisugua viganja vyake kwanza. Hakutaka mtu ashtuke kwa baridi.

Miaka kumi na nne iliyopita alikuja Scola, mwanika dagaa. Alikuwa ameshika tumbo chini ya kitovu. Mkojo ulimuunguza, na uchafu ulimtoka ukeni. Alikuwa ameolewa miaka mitatu na hajapata mtoto. Jirani alimwambia ni UTI, akampa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani kwake. Scola alimeza viwili, vingine akampa dada yake.

Mama Eufrasia alimpima. Ilikuwa klamidia. Hao ni bakteria, wasikilizaji wapendwa, na wanaambukizwa kwa kujamiiana. Wakiachwa, wanaweza kuziba mirija ya uzazi. Lakini wana dawa, na wanatibika.

Scola alipewa dawa, akaambiwa amlete mumewe. Mume, Gasper, alikuwa kambi ya wavuvi. Scola akapona. Mwezi uliofuata akarudi na maumivu yale yale. Akatibiwa, akapona. Akarudi tena.

Mara ya tatu Mama Eufrasia alikasirika.

"Scola, dawa unagawa tena?"

"Nimemaliza zote, mama. Haki ya Mungu."

"Basi unanidanganya."

Scola akalia. "Nyumbani mama mkwe ananiita mgumba. Anasema mwezi ujao nirudi kwetu. Na wewe nesi unaniita mwongo."

Mama Eufrasia akaweka kalamu chini. Kisha akamuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza: maumivu yanaanza lini?

"Kila mbalamwezi ikiisha."

Ninyi wa ufukoni mmeshaelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazifai kitu, na wanaume wanarudi kwa wake zao. Scola alitibiwa mume akiwa kambini, akaambukizwa upya mume akiwa nyumbani.

Winfrida, binti ya Mama Eufrasia, anasimulia: "Mama alirudi siku hiyo amejikasirikia. Akasema, 'Nimezaliwa Ujiji, nimekula dagaa maisha yangu yote, nikasahau mwezi!' Kesho yake akabeba chane ya ndizi, akaenda kwa Scola kuomba msamaha."

Mbalamwezi iliyofuata akashuka ufukoni mchana. Gasper na wenzake walikuwa wanashona nyavu.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Gasper. Nakutaka zahanati."

"Mimi? Anayeumwa ni Scola. Mimi nakojoa kama bomba!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Eufrasia akavuta upande wa wavu, akapitisha ngumi kwenye tundu.

"Hapa palipotoboka, ulisikia kelele?"

"Hapana."

"Basi na ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Wanaume wengi hawasikii chochote, na bakteria wamo."

Kicheko kikakatika. Gasper akainuka, akamfuata. Njiani akauliza kwa sauti ya chini, "Hutaki kujua nimeutoa wapi?"

"Hayo ni yako na Scola, mwanangu. Mimi nataka mtibiwe pamoja, na msikutane kimwili mpaka siku saba zipite na dawa ziishe."

Walitibiwa wote wawili. Maumivu hayakurudi. Mama Eufrasia akaenda mwenyewe kwa mama mkwe, wakaongea nusu siku, na Scola akabaki kwake.

Tangu hapo siku ya kuwapima wanaume pale zahanati ilipangwa kwa kufuata mbalamwezi. Mzee Mwinshehe, jirani wa Mama Eufrasia, alimletea kalenda ya msikitini yenye tarehe za mwezi mwandamo, na kila mwaka hakuacha kuleta mpya. Mama alikuwa Mkatoliki. Aliitundika mbele ya meza yake.

Na mtoto? Nilimuuliza Scola juzi msibani. "Aliniambia ukweli," alisema. "Kwamba mirija huenda imeharibika, na hawezi kuniahidi kitu. Baada ya miaka miwili nikamzaa Elia. Mwingine sikupata. Tungejua mapema, labda."

Jana ilikuwa mbalamwezi. Wavuvi wote walikuwa nchi kavu. Jeneza lilibebwa na wanaume wa mitumbwi, na Gasper alikuwa mbele. Winfrida aliwatazama, akatabasamu huku analia: "Mama angesema, leo wako wote, wapimeni."

Tunawapa pole Winfrida, ndugu zake na wajukuu. Mungu amrehemu mama yetu.

Nasi tujiulize. Nani nyumbani anaumwa, na nani hajapimwa kwa sababu haumwi? Usigawane vidonge na jirani. Nenda na mwenzako.

Kalenda ya Mzee Mwinshehe bado iko ukutani. Wanaume wanarudi kambini Jumatatu. Zahanati leo iko wazi mpaka saa tisa.