Robi Mseti na Saa Saba Mchana ya Redio Ghuba

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2024, Dada Robi Mseti anastaafu utangazaji baada ya kuitumikia Redio Ghuba ya Musoma kwa miaka ishirini na minane. Anayeandika ni Clementi Elias, fundi wake wa mitambo. Nakiri mapema kwamba kalamu si kazi yangu.

Redio yetu ilizaliwa Bunda mwaka 1996, ikirusha matangazo kwa masafa ya kati, ikiwa mali ya chama cha wakulima wa pamba. Pamba ilipoyumba, mwaka 2005, ikanunuliwa na Mzee Baltazari, mfanyabiashara wa sangara, naye akaihamishia Makoko, hapa Musoma. Robi alisafiri juu ya lori akiwa amepakata kipaza sauti, amekiviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga. Mzee alitaka bei za samaki kila saa. Robi alimkubalia zote, isipokuwa saa saba mchana. Mwaka 2016 tukauzwa tena, safari hii kwa kampuni ya Dar es Salaam, na saa saba ikabaki yake.

Saa saba ni matangazo ya vifo. Robi hasomi jina la marehemu mpaka apate la baba, ukoo na kijiji, kisha ampigie simu mwenyekiti wa kitongoji kuhakikisha. Wafiwa wakilia mezani pake, analia nao, halafu anawauliza tena jina la baba. Loo, mama huyu alikuwaga mkali! Kwa miaka yote hiyo hajamtangaza marehemu mtu aliye hai.

Mwezi huu meneja mpya, Bwana Stanislausi, alileta barua ya wamiliki: masafa ya kati hayana wasikilizaji, mtambo uzimwe siku Robi atakapoondoka. Robi aliisoma, akauliza tu: watu wa Mugango watazikanaje bila kujua nani kafa?

Jumatatu nikataka kumfurahisha. Nikatangaza kustaafu kwake, na kwa upumbavu wangu nikatangaza saa saba. Watu waliposikia jina lake, la baba yake na la kijiji chake saa ile, tena kwa sauti ya mtu mwingine, hawakusubiri sentensi ya pili.

Jamani! Kufika saa kumi, barabara ya kituoni ilikuwa haipitiki. Akina mama wa Kamunyonge na kuni vichwani, watu wa Mugango na samaki, wazee wa Butiama, kijijini kwake, wakimshusha ng'ombe wa msiba kwenye fuso. Robi alipotoka nje kuona kuna nini, kilio kikakatika, kisha kikaanza upya, cha furaha. Miaka yote nimeangalia sindano ya mtambo ikicheza, sikuwahi kuwaona watu walioko upande wa pili.

Wazee walikataa kurudi na ng'ombe, akachinjwa palepale. Robi aligawa nyama kwenye msiba wake mwenyewe, huku akinigombeza mbele za watu. Bwana Stanislausi aliwapigia wamiliki, akainyanyua simu juu wasikie wenyewe.

Jana jibu limekuja: mtambo hauzimwi.

Dada Robi, asante sana. Msiba wako tumeshaufanya na nyama tumekula, kwa hiyo huna ruhusa ya kufa karibuni. Nenda Butiama ukaishi, uishi mno.