Fundi Mkanda wa Doornfontein: Gustave Cirhuza, 1971–2025

Jina la Mkanda, ambalo wengi waliofika leo walimjua kwalo tu, Gustave Cirhuza hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa kosa. Mwezi Agosti mwaka 2004, jamaa wa ukoo wa Kiskoti wa Campbell, wakazi wa hapa Johannesburg, walimwagiza beji kumi na nane za kudarizi: kichwa cha nguruwe mwitu kilichozungushiwa mkanda wenye bizimu. Gustave alidarizi vichwa vyote kwa uzi wa dhahabu, kila jino mahali pake, na mkanda akauacha. Aliona si adabu kumfunga mnyama wa heshima kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Mzee wao alizitazama kwa muda mrefu, kisha akamweleza kuwa nembo isiyo na mkanda ni ya chifu peke yake. Anayeivaa ndani ya mkanda hutangaza kwamba yeye ni mtu wa chifu huyo.

“Fundi,” alisema, “umetutawazia machifu kumi na wanane, nasi ni watu wa kawaida tu.”

Gustave alizirudisha karakanani akaongeza mikanda yote, tundu kwa tundu. Mafundi wenzake walimcheka kwa juma zima, wakimwita Mkanda. Yeye akaliandika jina hilo la utani mlangoni, kwa herufi kubwa.

Alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 9 Mei 1971, akimfuata kaka yake, Ruphin Namegabe. Kila mmoja alipewa jina lake, kama ilivyo desturi ya kwao, na hakuna aliyeona ajabu. Alisoma shule ya msingi papo hapo Kadutu, kisha shule ya ushonaji, akahitimu mwaka 1990. Mwalimu wake aliandika katika ripoti kwamba mkono wake ni mwepesi na maswali yake ni mazito.

Aliingia Johannesburg mwaka 1998. Alianza kwa kupinda suruali kando ya njia huko Marshalltown, na mwaka 2002 akafungua karakana Doornfontein. Baada ya kosa lile aliapa kutodarizi tena asichokielewa. Alisoma maktabani kila Jumamosi na kujaza madaftari saba. Alijua kwamba “Mac” maana yake ni mwana wa fulani. Kwamba Campbell ni jina lililotokana na mdomo uliopinda, na Cameron, kwa maelezo ya wengi, na pua iliyopinda. Na kwamba wengi walioishi katika ardhi ya chifu na kulindwa naye walichukua jina lake pasipo kuwa damu yake. Waskoti walikuja kutoka Midrand, Pretoria na hata Durban kuagiza nembo, na wengine walikuja kumuuliza tu wao ni akina nani. Aliwajibu kwa upole, daftari likiwa wazi mezani.

Tarehe 2 Juni 2007 alimwoa Léocadie, msusi, mjane mwenye binti wa miaka sita, Arlène Bahizire. Gustave hakumbadilisha mtoto jina. Alisema ndicho kitu pekee alichoachiwa na marehemu baba yake. Ruphin, mkubwa wa ukoo, alituma neno kutoka Bukavu kwamba binti asiye na damu yao wala jina lao asihesabiwe. Célestine na Murielle walipozaliwa, kila alipopiga simu aliwasalimia “wale wawili”. Gustave hakugombana naye. Alimlea Arlène, akamsomesha, na mwaka 2023 alipohitimu uhandisi, alifunga karakana siku nzima, jambo ambalo hata homa haikuwahi kumfanyisha.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024. Alivumilia matibabu bila kunung’unika. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huu Ruphin alisafiri kuja kumuuguza. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, Gustave alifariki dunia mkono wake ukiwa mkononi mwa Léocadie. Bwana ampe pumziko la amani, kama fundi aliyemaliza kazi na kuikagua.

Orodha ya aliowaacha ilitayarishwa naye mwenyewe, alasiri ya Jumanne iliyotangulia. Alikuwa ameketi kitandani na koti la kaka yake magotini, kwa sababu aliona kifungo kimelegea. Alimwomba Ruphin aandike. Ruphin aliandika Léocadie, Célestine na Murielle, akaweka kalamu chini.

“Mukubwa,” Gustave alisema bila kuinua macho, “mimi na wewe tulizaliwa tumbo moja, na majina yetu haifanane. Ni nani alishatuambia kama hatuko ndugu?”

Alipitisha sindano kwenye kifungo.

“Waskoti walichukua jina la aliyewalinda, wakakuwa watu wake. Huyu mutoto mimi nilimlinda, na jina lake nikamwachia. Damu yetu imepunguka wapi?”

Ruphin aliichukua tena kalamu. Kisha akaikunja karatasi ile, akachukua nyingine, akaandika haya yaliyochapwa hapa, na kuyasoma kwa sauti:

“Ameacha mke wake, Léocadie, binti zake watatu, Arlène Bahizire, kifungua mimba wa nyumba yake, Célestine na Murielle, na kaka yake, Ruphin.”

Gustave alizungusha uzi mara tatu chini ya kifungo, akafunga fundo, akaukata kwa meno, akamrudishia kaka yake koti.