Mahali pa Kuitikia

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, ambaye ameninong'oneza kwamba ana kikao kingine mbele. Mzee Abdulhamid, mwenyekiti wa wazee wetu wa Kinubi. Bwana Ryan, fundi wa kurekodi aliyetoka Gatina, kule Kawangware, kuja kutufungia spika. Ndugu wageni waalikwa, majirani wa Laini Saba na wa hapa Ayany. Vijana mlionisalimia "niaje" pale mlangoni nami nikaitika vivyo hivyo. Na ninyi wanawake wa kikundi changu, mliokwenda kukaa nyuma kabisa kama watu ambao hawajaamua kama watabaki: assalamu alaikum, na wengine wote, hamjambo.

Mimi ni Kaltuma. Nimeombwa maneno machache ya kumfungulia njia Leila, binti wa marehemu dada yangu, ambaye leo anazindua albamu yake ya kwanza, akiwa peke yake. Nitasema, lakini mniruhusu niegemee meza, maana nimechoka. Si uchovu wa leo. Ni uchovu wa mtu aliyeongoza doluka, ngoma ya harusi zetu, tangu siku ambazo sauti yake ilivuka reli bila kipaza sauti, mpaka siku hizi ambapo akianza wimbo watu wanadhani anakohoa.

Kwa wale wasioijua doluka, niwaeleze kidogo. Mwanamke mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Kiongozi anatunga papo hapo: anamsifu bibi harusi, anamchokoza mama mkwe, anamuuliza bwana harusi kama kweli anajua bei ya unga, kisha ananyamaza, na hapo aliponyamaza wenzake wanajaza. Sheria yetu ni moja tu, nayo tuliikuta: kiongozi haendelei mpaka aitikiwe. Hata kama wenzake wana chapati mdomoni, atasubiri.

Leila amekulia kwenye mkeka huo, miguuni pangu. Wenzake wakicheza, yeye alikuwa anachora nyuma ya kadi za mwaliko. Alipokua akaanza kuchora mabango ya maduka, na nyote mmepita mbele ya kazi zake. Kinyozi kule Laini Saba, kile kichwa chenye panki, ni yeye. Bucha ya Simeon, yule ng'ombe, ni yeye. Simeon yupo hapa, atanisahihisha nikikosea, lakini ninavyojua mimi ng'ombe yule alichorwa mara mbili, kwa sababu wa kwanza alikuwa na macho ya huzuni mpaka wateja wakawa wanaagiza nusu kilo, wanamtazama, halafu wanavuka barabara kununua sukuma wiki. Simeon akamwomba amchekeshe ng'ombe. Leila akamwambia atajaribu, ila ng'ombe wa bucha hana mengi ya kuchekea.

Ndivyo alivyo hata katika wimbo. Siku moja nilimwachia aongoze, tukitarajia ataimba hina na manukato. Akaimba juu ya mama wa bibi harusi atakayebaki kuosha sufuria peke yake kesho yake. Mama yule alilia, upande wa bwana harusi wakanuna, na sisi tuliokuwa tunaitikia tulishindwa kuinua vichwa. Nikajua siku ile kwamba koo langu likizimika, wa kulishikia zamu ni huyu. Hatukumuuliza. Ni nani kati yenu anayemuuliza mtoto kama atarithi pua ya ukoo?

Kumbe alitakiwa kuulizwa. Tulikuwa tunakunja mikeka baada ya harusi moja aliposema anataka kuimba nyimbo zake mwenyewe, kwa gitaa, mbele ya watu waliokaa wakasikiliza. Magdaline, jirani yetu Mjaluo anayeitikia Kinubi kuwashinda Wanubi, ndiye aliyemuuliza kwa niaba yetu sote: "Sasa huko nani atakuitikia?" Leila aliendelea kukunja mkeka.

Ndugu wageni waalikwa, mila ya hotuba kama hizi ni kusema tulifurahi. Hatukufurahi. Tulikasirika, na mimi bado sijamaliza kukasirika, kwa hiyo msinipigie makofi hapo. Tazameni nyuma muone tulivyobaki. Kuna waliobomolewa nyumba wakahamia mbali, kuna waliotangulia mbele ya haki, na harusi nyingi sasa zinaita DJ, ambaye hachoki, haumwi goti, wala hagombani na mpishi kwa ajili ya pilau. Tulikuwa na koo moja changa, na koo hilo likapanda gari la Kawangware likatuacha. Mlitaka tucheke?

Kisha Bwana Ryan akanipigia simu. Sikumjua. Akasema, "Mathe, huyu Leila ananiachia mashimo kwa ngoma. Anaimba, ananyamaza, halafu anaendelea. Nikiyakata anakasirika." Nikasikia simu inachukuliwa, na sauti ya Leila ikasema, "Si mashimo, Anti. Hapo ni penu."

Alituomba twende Gatina turekodi sehemu zile. Nikamwambia mwenye kutaka safari ya peke yake haombi wa kumbebea mzigo. Basi albamu ikatoka hivyo hivyo, na wimbo wake wa mwisho una kimya ndani yake. Mheshimiwa, ukiinunua, usimrudishie ukidhani ni mbovu.

Juzi akaja nyumbani kutuomba tena, angalau kwa leo. Alipoondoka tukakaa, tukakata shauri: tutahudhuria, tutavaa gurbaba, nguo zetu za sherehe, tutakula kilichopikwa na tutapiga makofi kwa adabu, lakini kuitikia, hapana. Mimi nikatumwa niyaseme hayo kwa lugha nzuri. Hiyo ndiyo hotuba niliyokuja nayo hapa.

Lakini mmenichelewesha. Nimekaa hapo mbele tangu adhuhuri nikisubiri umeme na wageni wa heshima, sina pa kutazama isipokuwa picha hii iliyotundikwa nyuma yangu, ambayo ndiyo jalada la albamu. Ameichora yeye. Ni viatu vilivyovuliwa kandokando ya mkeka, hakuna mtu hata mmoja. Angalieni vizuri. Vile vya plastiki vyekundu ni vya Magdaline. Vile vyenye kisigino cha msumari ni vya Fahima, Mungu amrehemu, aliyekuwa mpiga ngoma wetu. Na hizo ndala zilizokatwa ubavuni kwa wembe ni zangu, kwa sababu ya kidole changu kilichovimba. Nani mwingine hapa Nairobi anakijua kidole changu?

Sasa, kwetu kuna desturi. Mwenye kujua ataondoka mapema huvigeuza viatu vyake vielekee nje kabla hajakaa, asije akasumbua watu baadaye. Mheshimiwa, leo vyako vimeelekea nje na hatukulaumu. Nikatafuta viatu vya Leila pale pichani, nikijua nitavikuta vimegeuzwa. Nikaziona raba zake zile zenye matone ya rangi, ubavuni mwa ndala zangu. Zimeelekea ndani.

Wenzangu hapo nyuma, sikuwauliza haya nitakayosema. Magdaline, usinitazame hivyo. Bado nimechoka. Jumamosi kuna harusi Makina, nitaongoza mwenyewe kwa koo hili hili, Leila hatakuwepo, na itaniuma. Lakini sheria yetu haikusema kiongozi aitikiwe akiwa ametufurahisha, wala akiwa amekaa kwenye mkeka wetu. Ilisema akinyamaza, aitikiwe. Tangu arekodi wimbo ule kule Gatina, mtoto huyu amesimama anatusubiri.

Mheshimiwa, kikao chako kingoje wimbo mmoja. Ndugu zangu, kwa kunivumilia na sauti hii iliyokwaruzika, asanteni sana. Wanawake, sogeeni mbele, viti vipo. Na wewe Leila, chukua gitaa lako uimbe yako yote. Ukifika mahali petu, nyamaza.